Jina Lililotangulia

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Uongo mtupu. Epifanio Tafoya alikuwepo. Alikuwepo Washington majira mawili ya baridi, ameketi kwenye kiti alichopewa, tai nyeusi imemkaba koo, na lake halikuwepo vilevile. New Mexico ilikuwa bado himaya, haijawa jimbo kamili, na himaya hupewa mjumbe mmoja tu wa kukaa na wabunge. Huyo huruhusiwa kusema. Kura hana.

"Yaani unasimama, unasema," mama mkwe wake, doña Quirina, alimwuliza jioni ile aliyorejea Agua Zarca. "Halafu?"

"Halafu nakaa, mama."

"Na wao?"

"Wanapiga kura."

"Na wewe?"

"Natazama."

Doña Quirina alimega mkate wa mahindi, akauchovya kwenye mchuzi wa pilipili, akatafuna taratibu kama anayelitafuna jibu lenyewe. "Kazi hiyo hata mimi naiweza," akasema. "Tena bila tai."

Rumalda, mke wa mjumbe, alicheka mpaka akajifunika uso kwa shali. Epifanio naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Alikuwa amekonda. Viatu vyake vilikuwa vya mjini, vyembamba, na tangu ashuke kwenye gari la farasi alikuwa akitembea kwenye matope ya Machi kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Cheka, mama, lakini nimekuja na sheria," akasema. "Bonde lote hili. Malisho, msitu wa misonobari, chemchemi, yote waliyopewa wazee wetu na mfalme wa Hispania. Serikali ya Wamarekani imeitambua hati. Hakuna atakayekuja kutufukuza."

Rumalda aliacha kucheka. Alimshika mkono mumewe juu ya meza, mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Imetoka kwa jina gani?"

"La babu yako. Hilario Maés. Jina lilelile lililotangulia siku zote."

Hakuna aliyeona tatizo. Watu wa Agua Zarca wakitaka kitu kwa mkubwa, awe padri au gavana, hutanguliza jina moja, na wengine wote hujipanga nyuma yake, kama wanavyojipanga nyuma ya sanamu ya San Isidro siku ya kuyabariki mashamba. Sanamu hutangulia, watu hufuata. Hajawahi kutokea mtu wa kudhani kwamba mashamba ni ya sanamu.

*

Jumapili iliyofuata wenye mashamba walikutana uani kwa kanisa kumchagua msimamizi wa mfereji. Wanaume walisimama upande wa ukuta wenye jua, wanawake wakakaa upande wa mlango. Msimamizi wa zamani, Nepomuceno Archibeque, alitaka kuendelea. Alikuwa compadre wa Epifanio. Ndiye aliyemshika mtoto wake wa kwanza kwenye ubatizo.

"Wanaonitaka, mikono juu."

Epifanio aliinua mkono.

"Shusha mkono, compadre."

"Nakuunga mkono wewe."

"Nimeona. Shusha. Mwaka jana hukuchimba."

"Mwaka jana nilikuwa Washington."

"Mfereji haufiki Washington," akasema Nepomuceno, na watu wakacheka. "Wala hukutuma mtu achimbe badala yako. Desturi unaijua. Asiyechimba hahesabiwi."

"Basi niruhusu angalau niseme."

"Kusema sema, compadre. Nasikia ndiyo kazi yako."

Kicheko kilizunguka ua mzima, kikawafikia hata wanawake. Epifanio aliushusha mkono, akaupeleka kwenye kofia kana kwamba tangu mwanzo alikuwa ameunyanyua kwa ajili ya kofia. Washington alikuwa ameshapata aibu nyingi. Mara moja mbunge mmoja mnene alimtupia koti mlangoni akidhani ni mtumishi, naye akalitundika, kisha akamwendea mtu yuleyule kumwomba kura. Lakini kule hakuna aliyemjua mama yake.

Ndipo Melquiades, mchunga mbuzi, alipojisogeza mbele. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na maneno yalimtoka yakigongana.

"Mimi nataka kuelewa. Nilikuwa mjini Mora nikiuza sufu. Mwenye duka ananiambia, nyinyi watu wa Agua Zarca sasa mmepata mwenye ardhi. Nikamwambia, mwenye ardhi gani? Akasema, ukoo wa Maés. Sheria ndivyo inavyosema. Sasa mbuzi wangu wako kule juu tangu enzi za baba. Wanakula majani ya nani?"

"Ya wote, Melquiades," Epifanio alijibu. "Hilario ni jina la mbele tu."

"Na huko Washington wanajua kwamba nyuma ya jina kuna watu?"

Epifanio alikumbuka chumba cha kamati na karani mwenye kikohozi aliyemwuliza jina la mwenye hati. Alikuwa amelitaja jina hilo kwa fahari, herufi kwa herufi.

"Nilidhani wanajua."

"Uliwaambia?"

"Jambo ambalo kila mtu analijua, nani hulisema?"

Hapakuwa na kicheko sasa. Watu walitazamana, kila mmoja akitafuta kwenye uso wa jirani mtu aliyeelewa. Watoto wa Hilario Maés walikuwa wamekufa wote. Mjukuu wake aliyebaki duniani alikuwa mmoja tu. Shingo ziligeuka moja baada ya nyingine kuelekea upande wa mlango, na Rumalda, aliyekuwa akitengeneza shali yake, hakujua aweke uso gani.

*

Asubuhi yake Rumalda alipeleka unga wake uliokandwa kwenye tanuri la nje, lile alilotumia siku zote pamoja na Genoveva, mke wa Nepomuceno na kwa hiyo comadre wake. Genoveva alimwona kwa mbali, akaanza kuitoa mikate yake, myeupe bado.

"Mbona unaitoa mibichi, comadre?"

"Pita, doña Rumalda. Tanuri ni lako."

"Tangu lini mimi ni doña, kama bibi mkubwa?"

"Tangu Washington."

"Acha hizo, Genoveva. Watu wanatusikia."

"Na majivu je? Niyazoe, au nayo yana hati?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji kisimani waliinamisha vichwa, na ilionekana wazi kwamba wanacheka. Rumalda aliweka sinia yake chini. Alitaka kusema kwamba hajaomba kitu. Alitaka pia kumrushia comadre wake donge la unga usoni. Hakufanya lolote. Alibeba unga wake akarudi nao nyumbani, ukiwa umeumuka unamwagika kingoni mwa sinia, na siku hiyo walikula uji.

"Ni yangu au si yangu?" alimwuliza mama yake.

"Baba yako alikufa akiamini ana shamba la maharage na kondoo wachache," akasema doña Quirina. "Kama alikuwa tajiri, hakuna aliyemwarifu. Tungemnunulia jeneza zuri."

"Mama, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Ukisema ni yako, majirani watakuchukia. Ukisema si yako, wenye sheria zao watamtafuta mwingine wa kuwauzia. Mimi nijuaje? Mkwe wangu ndiye mjumbe."

Mjumbe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia nyumbani kwake mwenyewe.

"Rumalda, kuna jambo lingine."

"Sema."

"Wakili Pruitt wa Santa Fe ndiye aliyetusaidia. Anawajua wabunge. Bila yeye sheria isingefika hata mlangoni mwa kamati." Aliingia ndani, akabaki amesimama. "Kule wenzangu wanabadilishana kura kama nyinyi mnavyobadilishana chachu. Nipe yako leo, kesho nitakupa yangu. Mimi nilikuwa sina chachu. Nilikuwa na nini cha kutoa?"

"Ulitoa nini?"

"Niliahidi."

"Epifanio, uliahidi nini?"

"Sehemu ya juu. Msitu. Na chemchemi."

Doña Quirina aliweka kijiko chini. Kwenye chemchemi ile ndimo maji ya mfereji yalimotoka, yakashuka shamba baada ya shamba hadi la mwisho, la mjane wa Melitón, ambaye kila mwaka wa ukame alilala njaa kwa kuwa wa mwisho.

"Alisema hatazuia maji," Epifanio akaongeza haraka.

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Nani mwingine alisikia?"

Rumalda alimtazama mtu huyu aliyelala naye miaka kumi na minne, akashindwa kujua kama amkasirikie au amhurumie, na kushindwa huko ndiko kulikomchosha zaidi.

"Nilidhani kijiji kitakubali," akasema Epifanio. "Kijiji hulipa kwa kilicho nacho. Nilipanga niwaeleze wote, wakubali wote. Sikujua kwamba itahitajika sahihi ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe awe wewe."

"Anakuja lini?"

"Siku ya kuchimba. Anataka watu wote wawepo, asije akaambiwa alifanya kwa siri. Ni mtu muungwana, Rumalda. Utamwona."

"Na wewe unataka nitie sahihi?"

"Nataka..." Alizungusha kofia mikononi. "Nisipolitimiza neno langu, nani kule atanisikiliza tena? Kura sina. Neno ndilo nililokuwa nalo."

"Kwa hiyo nitie."

"Sijasema hivyo."

"Basi nisitie."

"Sijasema hivyo pia."

*

Siku ya kuchimba mfereji Nepomuceno alitembea ukingoni akipima kwa mpini wa beleshi lake, akimgawia kila mtu kipande chake. Epifanio alifika na beleshi begani, ndani ya suruali nyeusi ya Washington. Suruali zake za kazi doña Quirina alikuwa amezigawa akidhani mbunge hazihitaji tena. Nepomuceno alimpima kwa macho kuanzia viatu kwenda juu, kisha akampa kipande chenye mizizi ya mierebi.

"Mheshimiwa," aliitwa kutoka upande wa pili, "toa hoja."

"Mzizi umeikataa hoja yake," mwingine akajibu.

"Mwombe mwenyekiti muda zaidi, Mheshimiwa."

Epifanio alichimba. Malengelenge yalimtoka kabla jua halijapanda, na hakusimama. Wanawake walikuwa wameleta maharage na uji mzito wa mahindi, wakakaa kivulini kwa makundi. Pembeni mwa Rumalda hakukaa mtu isipokuwa mama yake.

Pruitt alikuja kwa gari dogo la farasi, pamoja na don Sóstenes, hakimu wa kijiji, aliyekuwa amebeba kalamu na wino ndani ya kisanduku. Wakili alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alivua kofia kwa wanawake. Kihispania chake kilikuwa kizuri, na alipomuuliza doña Quirina habari za mgongo wake watu walishangaa, mpaka wakakumbuka kwamba Epifanio ndiye aliyemsimulia.

"Señora," alimwambia Rumalda, "sitaki kukupotezea muda. Mumeo alinipa neno, nami nikafanya kazi kwa neno hilo majira mawili ya baridi. Sehemu ya chini yote inabaki kwenu. Nachukua ya juu tu."

Mabeleshi yalikuwa yamesimama. Watu walikuwa wanasogea, wakipanda ukingoni na matope magotini.

"Ya juu ipi?" akauliza Nepomuceno.

Alimgeukia Epifanio, aliyekuwa bado ndani ya mfereji. "Compadre, ya juu ipi?"

"Msitu," akasema Epifanio. "Na chemchemi."

Sauti iliyopita katika umati haikuwa ya hasira bado. Ilikuwa ya watu waliokanyaga mahali walipodhani pana ngazi. Melquiades aliuliza kama mbuzi wamo. Mjane wa Melitón akauliza jambo lilelile kuhusu maji, akajibiwa na watu watatu, kila mmoja jibu lake.

"Maji hayatazuiwa," akasema Pruitt.

"Wewe hutayazuia," Rumalda akasema. "Utakayemuuzia je?"

Wakili alikuwa mkweli kiasi cha kunyamaza.

"Basi siwezi kutia sahihi, bwana. Ardhi ile si yangu."

"Kwa sheria ni yako, señora."

"Kama ni yangu, sitaki kuitoa. Kama si yangu, siwezi kuitoa. Chagua unalolipenda."

Mtu alicheka nyuma, akanyamaza mwenyewe. Pruitt alivaa kofia yake. "Bila mimi msingekuwa na sheria yoyote. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Na kazi yako ni kweli uliifanya. Ungekuja kutuomba sisi wote malipo yako, tungekaa tukapanga. Ulimwomba mtu mmoja, tena huko mbali."

"Wewe ndiye mmiliki. Ningemwomba nani mwingine?"

Rumalda alimgeukia hakimu. "Don Sóstenes, wino umekuja nao?"

"Nimekuja nao kwa ajili ya huyu bwana."

"Utumie kwa ajili yangu. Andika kwamba mimi, Rumalda Maés, nawapa watu wote waliochimba hapa leo ardhi yote iliyotoka kwa jina la babu yangu, wote kwa pamoja, asiwepo wa kuuza bila wengine. Na mjane wa Melitón umwandike, hata kama aliyemchimbia ni mpwa wake."

Hakimu aliangalia kalamu, akamwangalia wakili. "Sina hakika kama karatasi yangu inaweza kuishinda sheria ya Washington," akasema.

"Haiwezi," akasema Pruitt.

"Inaweza kujaribu," akasema doña Quirina.

Watu walianza kusema wote kwa wakati mmoja. Wengine walitaka kujua kama wakiandikwa watatozwa kodi. Melquiades alisema hataki kuandikwa popote, anataka mbuzi wake tu. Nepomuceno alipandisha sauti akitaka kila mtu arudi kwenye kipande chake, na hakuna aliyerudi. Don Sóstenes alikaa juu ya jiwe, akaweka kisanduku magotini, akachovya kalamu, akaanza kuandika, akiuliza majina ambayo aliyajua tangu utotoni.

"Nitakwenda mahakamani," Pruitt alimwambia Epifanio. "Nasikitika kwa ajili yako. Nilikuwa nakuheshimu."

Epifanio alipanda kutoka mferejini. Suruali ya Washington ilikuwa imechanika gotini. Alimfuata wakili hatua chache, akasimama, akarudi kwa mkewe, akazungumza naye kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini.

"Sitaweza kurudi kule, Rumalda."

"Najua."

"Nitasimama vipi mbele ya wale watu? Nilikuwa na neno tu."

"Najua, Epifanio."

"Basi mwombe radhi. Sahihi sikudai. Mwambie tu samahani, aondoke kwa amani. Huenda asiende mahakamani. Neno moja, halikupunguzii kitu."

Pruitt, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya gari, alingoja. Alikuwa tayari kulipokea neno hilo. Ilionekana kwamba lingemsaidia.

Nepomuceno naye alisogea, beleshi mkononi, na nyuma yake Genoveva. "Na sisi je?" akasema. "Maji hayafunguliwi mpaka waliokoseana wameombana radhi. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Jina ni la babu yako, comadre, na ahadi ni ya mumeo. Wiki nzima watu hawajalala. Sisemi uliiba. Nasema watu wanataka kusikia."

"Ni desturi," akasema Genoveva, na safari hii hakumwita doña.

Walingoja wote. Kalamu ya don Sóstenes ilisimama. Epifanio alimtazama mkewe kwa macho yaleyale aliyokuwa amewatazamia wabunge mlangoni, majira mawili ya baridi, na Rumalda aliyaona, yakamuuma. Kwa muda ilionekana kama atasema neno lile, kwa ajili ya macho hayo tu.

"Sikuchukua ardhi ya mtu," akasema. "Sikuahidi maji ya mtu. Sikupeleka jina la mtu Washington. Nimeamka nikaambiwa ni tajiri, nikarudishwa nyumbani na unga wangu mbichi, na sasa nimetoa kila kitu nilichoambiwa ni changu. Wakili, siombi radhi. Nanyi pia, Nepomuceno na Genoveva, siwaombi. Na wewe, mume wangu, hata kama hutarudi kule, siombi. Fungueni maji au msifungue. Siombi."